Mguu wa Shangazi

Nakunda alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu ambaye kazi yake imempendeza mwenyewe, wakati gari lilipoanza kuondoka.

Liliondoka polepole, kama ng'ombe aliyesahauliwa na mchungaji. Muda mfupi tu kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa. Alikuwa ameteremsha pikapu kuukuu kwenye kilima cha majaribio nyuma ya karakana, gia namba moja, miguu yote miwili ameikunja chini ya kiti kwa makusudi, na mbele yake limesimama pipa tupu lililopakwa rangi nyekundu. Breki zikakamata zenyewe. Pedeli ya klachi ikazama yenyewe. Pikapu likasimama karibu kabisa na pipa, injini ikiendelea kunguruma bila hata kukohoa. Halafu kengele ikalia, breki zikaachia kama zilivyofundishwa, na mteremko ukalichukua gari.

Pipa liligongwa, likabingirika hadi kwenye rundo la matairi chakavu, na pikapu likalifuata hukohuko. Nakunda akarushwa mbele, mkanda ukamrudisha kwenye kiti.

"Uko mzima?" Mcharo, mhandisi mwenzake, alikuja mbio huku kikombe cha chai kikimmwagikia mkononi.

"Mzima." Alijipapasa kifua, akajipapasa magoti, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa machozi, kwa furaha ya kujiona bado ana meno yote, na Mcharo naye akaambukizwa, wakacheka wote wawili kwenye vumbi lile kama wehu. Kisha Nakunda akanyamaza. Mguu uliokanyaga ile klachi alikuwa ameubuni yeye, na sasa ulikuwa ndani ya kila gari la gia za mkono katika milima ile.

Huko tambarare magari yalikuwa yameshaacha kuwa na usukani. Mtu alipanda, akataja aendako, akalala. Lakini yakifika chini ya milima ya Upare yaligoma kama punda: matope mekundu ya masika, kona zisizoonyesha mwisho wake, mbuzi wasio na adabu. Hapo abiria walishuka na kupanda magari ya zamani ya gia za mkono, yenye madereva wa damu na nyama na maneno mengi. Serikali iliyaachia magari hayo yaendelee kuishi kwa sharti moja tu, kila moja lifungwe breki ya dharura. Ilikuwa na jicho kwenye kioo cha mbele na kamkono kwenye mabomba ya breki. Jicho likiona kitu mbele, na dereva hajakanyaga, kamkono kanakamata; baada ya sekunde chache kengele inalia na breki zinaachia. Madereva waliipa jina la Shangazi, kwa kuwa shangazi hukudaka shati mbele za watu bila kujali una umri gani.

Shangazi huyo alijua breki, ila klachi hakuijua. Gari la gia za mkono likisimamishwa ghafla na klachi haijakanyagwa, injini huzimika, maana imefungamana na magurudumu na magurudumu yamesimama. Kwa gari hilo si kitu. Kwa dereva wa milimani ilikuwa fedheha. Aliyezimikiwa na gari aliitwa mwanafunzi mwezi mzima, na abiria wake walishuka kwa mbwembwe kwenda kusukuma hata kama hakuna aliyewaomba. Wazee waliokuwa wameendesha maisha yao yote wakajikuta wanachekwa na watoto wa shule kila Shangazi alipowashika. Wakaitisha mkutano, wakamlilia Nakunda, binti wa hukohuko.

Naye akawahurumia. Akamtengenezea Shangazi mguu, mota ndogo inayoweza kukaa kwenye kiganja, inayokanyaga klachi mara tu breki zinapokamata na kuishikilia mpaka dereva aikanyage mwenyewe. Injini zikaacha kuzimika. Walimbeba juujuu siku ile, wakampa tangawizi ya kutosha kufungulia duka, na yeye akawaahidi kwa kinywa chake, wote wakimsikia, kwamba hatagusa tena kitu ndani ya gari la mtu bila kumwuliza mwenyewe.

Asubuhi hii dereva mmoja, Senzota, alikuwa amesimulia kwenye redio ya upepo kwamba Shangazi amemshika vizuri kule Hekwe, kisha akamwachia, na gari likaondoka kabla hajarudisha miguu kwenye pedeli. Aliisimulia kama kichekesho. Nakunda ndiye aliyeinuka kwenye chai yake na kwenda kuchukua pikapu la majaribio.

*

"Injini iliyozimika kwenye gia ni kigingi," alisema huku wakikimbilia chumba cha mawasiliano. "Gari haliendi popote. Mimi nimekanyaga klachi, nimeitenga injini na magurudumu. Nimewang'olea watu kigingi ili wasichekwe, Mcharo!"

"Basi ongeza muda wa Shangazi kushika breki. Ashike mpaka dereva akanyage."

"Muda huo umefungwa kwa sheria. Tangu lile gari lililong'ang'aniwa na Shangazi huku maporomoko yanashuka, ni lazima amrudishie mtu gari lake baada ya sekunde chache. Kitu pekee ninachoweza kukigusa ni mguu wangu."

Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa chenye barabara yote ya mlimani, na kila gari lilikuwa taa ndogo inayotembea. Chini ya kona ya pili ya mteremko wa Hekwe, mahali pakali kuliko pote, lori lilikuwa limeharibika tangu alfajiri. Wenye lori walikuwa wamefanya kile ambacho kila dereva hufanya: wamekata matawi yenye majani na kuyapanga barabarani nyuma ya lori, ili anayekuja ajue kuna gari bovu mbele. Binadamu akiyaona matawi hupunguza mwendo na kupita pembeni. Shangazi hakuwahi kufundishwa desturi hiyo. Yeye aliona ukuta wa kijani, na leo alikuwa amemshika kila aliyepita pale.

Nakunda alichukua kinasa sauti cha redio.

"Madereva wote wa Hekwe, huyu ni Nakunda wa breki. Nawaombeni msiteremke. Aliye juu abaki juu. Aliye njiani atafute pa kusimama, atie gia, aweke jiwe kwenye gurudumu. Mguu wa Shangazi una kasoro, nami ndiye niliyekosea. Mtajua zaidi sasa hivi."

Sauti zikaanza kuitika, wengine kwa utani, wengine kwa manung'uniko ya mizigo itakayochelewa. Kwenye kioo taa zikasimama moja baada ya nyingine. Nakunda akashusha pumzi. Walikuwa wamemsikiliza, watu hawa wabishi, na hakuna aliyekuwa ameumia.

"Kuna moja inatembea," alisema Mcharo.

Kweli ilikuwapo moja. Ilikuwa imeshapita kona ya kwanza na ilikuwa ikishuka taratibu, bila haraka wala wasiwasi.

"Ni nani?"

Mcharo aliinama karibu na kioo. "Pikapu la kijani. Mzee Mrutu."

Mzee Eliamini Mrutu alikuwa mwenyekiti wa madereva, na alikuwa baba mdogo wa Nakunda, mdogo wa baba yake, aliyemlea tangu baba huyo alipofariki na kumfundisha kuendesha gari kwenye mteremko huohuo. Leo alikuwa amebeba akina mama wa ushirika wa tangawizi na magunia yao. Nakunda alimwita redioni, akamwita tena, huku akijua kwamba hatajibu. Mzee alizima redio kila alipoanza kuteremka. Alisema hawezi kusikiliza injini na wajinga kwa wakati mmoja.

"Naweza kuutoa mguu kwenye gari lake kutoka hapa," alisema Nakunda. "Kitufe cha kuuzima kipo. Shangazi akimshika kwenye matawi, injini itazimika, gia itamshikilia."

"Uliwaahidi."

"Najua nilichoahidi."

"Sikiliza basi mpaka mwisho." Mcharo alikuwa mtu mpole, na sasa alizungumza kwa upole uleule, jambo lililofanya maneno yake yaingie zaidi. "Injini ikizimika, usukani unakuwa mzito. Pedeli ya breki inakakamaa akiikanyaga mara mbili tatu. Mzee ameshazoea kwamba gari halizimiki, na hajui kama umegusa kitu. Akishtuka, akavuta usukani vibaya kwenye kona ile, hiyo siyo ajali tena, Nakunda. Hiyo ni wewe. Ukiacha, labda atakanyaga mwenyewe. Huyo ndiye dereva bora tuliye naye."

Nakunda alisogeza kidole karibu na kitufe. Akiacha, hakuna atakayemnyooshea kidole. Kasoro ilikuwapo, tangazo limetolewa, mzee kazima redio yake mwenyewe. Akigusa, atakuwa ameingiza mkono ndani ya gari la mtu likiwa linatembea, gari la mtu aliyemwamini, baada ya kuapa mbele ya kadamnasi. Na hata likifaulu, kesho kila dereva wa milimani atajiuliza usukani wake unashikwa na nani hasa. Lingekuwa swali la haki kabisa.

Labda atakanyaga mwenyewe. Alilishikilia wazo hilo, alilitaka kwa moyo wote. Alijaribu kuiona miguu ya baba mdogo ndani ya viatu vyake vya ngozi, iko tayari juu ya pedeli. Akaikumbuka ilivyo hasa, akaogopa.

Tangu mguu wa Shangazi ulipofungwa, mzee alikuwa na mchezo wake. Shangazi akikamata breki, yeye aliinua miguu yote miwili, akakunja na mikono kifuani, akawageukia abiria. "Oneni," aliwaambia. "Klachi inajikanyaga. Huo ni mguu wa mwanangu." Alikuwa amelifanya hilo hata mbele ya mchungaji, hata mbele ya mkuu wa wilaya. Asingekanyaga. Kwa fahari ya mtoto wake, asingekanyaga kitu.

Nakunda alibonyeza kitufe.

"Sijamwuliza," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

*

Taa ya pikapu la kijani iliingia kona ya pili. Pembeni yake kulikuwa na tarakimu za mwendo, na Nakunda alizitazama kama mtu anayetazama maziwa yasije yakafurika. Zilikuwa ndogo. Zikabaki ndogo. Halafu kialama chekundu kikawaka, Shangazi ameona matawi, na tarakimu zikaanguka mpaka sifuri.

"Amekamata," alinong'ona Mcharo.

Chini ya mwendo kulikuwa na mstari wa injini. Ulitetemeka, ukalala. Injini ilikuwa imezimika.

Sasa Shangazi alikuwa ameshika peke yake. Sekunde zake zilianza kwisha, na Nakunda aliona mikono yake mwenyewe imekamata ukingo wa meza kana kwamba meza ndiyo iliyokuwa ikiteremka. Kialama chekundu kikazimika. Kengele ilikuwa imelia kule, breki zimeachia, na kuanzia hapo pikapu lile pamoja na magunia na akina mama na mzee wake lilikuwa limeachiwa mlima.

Sifuri. Ikabaki sifuri. Alisubiri ibadilike, na haikubadilika. Mcharo alihesabu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza, akafika mahali akaacha na kumpiga Nakunda begani kwa nguvu isiyo ya lazima.

"Limesimama, mama! Limesimama!"

Nakunda aliachia meza. Alijikuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akilia na kumshukuru Mungu kwa sauti, na hakuona haya hata kidogo. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa amefurahi namna hiyo kwa sababu ya kitu kilichokataa kwenda.

Redio ikakoroma.

"Nakunda! We Nakunda!"

Aliruka kuikimbilia. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba ya nini! Gari limenizimikia! Mimi! Hekwe, mchana kweupe, na akina mama wote wanaona! Mguu wako uko wapi? Mama Naetwe, hebu rudi ndani ya gari, nani amekwambia usukume?"

Nyuma yake kulikuwa na vicheko, na sauti ya mwanamke ikisema kwamba mwanafunzi hasukumwi na mtu mmoja, washuke wote.

"Baba mdogo, Shangazi alipokamata, miguu yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeiinua. Nilikuwa nawaonyesha akina mama."

"Na kengele imelia?"

"Imelia."

"Breki zimeachia?"

"Zimeachia, ndiyo, nimezisikia." Sauti ikaanza kupoa. "Zimeachia."

"Na gari?"

Alisikia mlango ukifunguliwa, na kokoto chini ya viatu. Vicheko vya akina mama vikapungua, vikaisha. Mzee aliporudi redioni alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Gari limesimama. Liko kwenye gia namba moja, limetulia. Mbele yangu ni matawi, baada ya matawi ni lori. Nakunda, chini ya lori wamelala watu wawili. Wanafungua gurudumu. Wameinua vichwa wananitazama."

Mcharo alijifunika uso kwa viganja.

"Umefanya nini?" aliuliza mzee.

"Nimeutoa mguu kwenye gari lako."

"Lini?"

"Sasa hivi. Ukiwa kwenye kona."

"Uliniuliza?"

"Redio yako ilikuwa imezimwa, baba mdogo."

"Sikukuuliza habari za redio. Nimekuuliza kama uliniuliza."

"Sikukuuliza," alisema Nakunda.

"Haya. Ngoja kwanza niweke jiwe."

Alimwacha hapo, na Nakunda akangoja. Lilikuwa jambo la ajabu: alijua amekosa, alijua atasemwa, labda mbele ya mkutano mzima, na bado kifua chake kilikuwa chepesi. Mtu wa kumsema alikuwapo. Alikuwa hai, anatafuta jiwe.

*

Sauti iliyofuata haikuwa ya kumwita yeye.

"Madereva, hapa Mrutu. Niko Hekwe, kona ya pili." Alikohoa. "Gari limenizimikia."

Hakuna aliyecheka. Nakunda aliyajua masikio yaliyokuwa yakisikiliza, zaidi ya nusu yao walikuwa wameshaitwa wanafunzi na mzee huyuhuyu, kwa sauti kubwa, vituoni.

"Limenizimikia na abiria wangu wamo ndani. Lisingezimika, sasa hivi mngekuwa mnakuja kutuokota, sisi na watu wengine wawili wasiojua hata jina langu. Mguu tuliouomba ulikuwa mguu wa kutufichia aibu, na tuliuomba sisi, mimi nikiwa mbele. Sasa huyu mtoto atawauliza mmojammoja. Kila mtu ajibu la gari lake."

Nakunda aliinua kinasa sauti. Aliwaeleza mambo yalivyo bila kuyapamba, kisha akaanza kuuliza.

"Senzota, niutoe?"

"Utoe hata jana! Mimi nilicheka asubuhi, sasa hivi sicheki tena."

"Nambike?"

Nambike, mwanamke aliyeendesha gari la maziwa, hakuwa mtu wa kuharakishwa. "Kwanza nieleze. Likizima konani, nifanyeje?"

"Ushike usukani kwa mikono yote miwili, utakuwa mzito. Breki ikanyage mara moja, uishikilie, usiipige-pige. Gia usiiguse, hiyo ndiyo inayokushika. Vuta breki ya mkono. Ukishahakikisha umetulia, ndipo ukanyage klachi uwashe. Na anayeteremka na frii, gia ameitoa, huyo Shangazi hana msaada naye, nisikudanganye."

"Hapo nimekuelewa. Utoe."

Waliendelea hivyo. Dereva wa gari la mbao alikataa katakata mpaka aone kwa macho yake, na Nakunda hakumgusa. Alimwomba abaki alipo, jiwe kwenye gurudumu, na Mcharo akavaa helmeti tayari kumfuata kwa pikipiki. Mwingine aliuliza kama itamzuia kuchekwa, akaambiwa hapana, akaguna, akasema utoe tu. Kila aliposikia neno hilo Nakunda alibonyeza kitufe, na kila alipobonyeza alihisi kitu kinamlegea mabegani. Kuuliza kulikuwa kunachosha. Kulikuwa pia na utamu ambao hakuutegemea.

"Umewamaliza," alisema Mcharo mlangoni, akifunga mkanda wa helmeti.

"Bado mimi," ilisema redio.

Nakunda aliisogelea. "Wako nilishautoa, baba mdogo."

"Najua umeutoa. Niulize."

Nyuma yake akina mama walikuwa wakibishana ni nani atakayeisimulia habari hii kwanza wakifika sokoni. Alikuwa mtu mzima, mhandisi, na sauti ilimtoka kama ya msichana aliyeshika usukani kwa mara ya kwanza.

"Baba mdogo, niutoe mguu kwenye gari lako?"

Mzee aliwanyamazisha akina mama kwanza.

"Utoe, mwanangu," alisema.